Milango Ipo, Wenye Kuijua Wachache

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, kidato cha nne 1998, katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu, uliofanyika katika bwalo la shule)



Katibu aliponiandikia akiniomba niseme machache juu ya huduma za afya na ustawi kwa wanyonge walio katika jamii zetu, nilidhani amekosea mtu. Mimi si daktari, wala si mtaalamu wa ustawi wa jamii. Mimi ni afisa mipango katika halmashauri, na tangu nilipotoka Chuo Kikuu kazi yangu imekuwa majedwali na makisio. Lakini Katibu alijua alichokuwa akikitafuta. Alijua habari ya mwenzetu mmoja, na alijua kwamba mimi nimo katika habari hiyo, tena si kwa sifa. Basi nitaanza na habari yenyewe, kisha nitasema tulichojifunza, na mwisho nitatoa mapendekezo matatu kwa Chama.

Wale waliokuwa hapa kati ya mwaka 1995 na 1998 watamkumbuka kiranja wetu wa afya. Mwenyewe ameniruhusu kuisema habari yake, lakini ameomba jina lake lisitajwe. Nitamwita kama tulivyomwita wakati ule: Daktari. Usiku mtoto wa kidato cha kwanza akipandwa na homa, aliyeamshwa ni Daktari. Alijifunga shuka, akawasha taa ya chemli, akaandamana na mgonjwa mpaka zahanati ya misheni ng'ambo ya mto. Alijua muuguzi gani yuko zamu. Alijua kwamba barua ya mwalimu wa zamu hutakiwa, na kwamba yafaa iandikwe kabla ya kuondoka, maana anayefika bila barua hurudishwa. Sisi wengine tulijua kuugua tu. Yeye alijua njia.

Mwaka 2017 Daktari alipatwa na kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 36, akifanya biashara ndogo ya nafaka. Upande wa kulia ulilegea wote na ulimi ukawa mzito. Alilazwa siku kadhaa, kisha akarudishwa nyumbani. Mkewe alikwisha kufariki miaka mitatu kabla ya hapo. Nyumbani walikuwapo mama yake, mwenye miaka zaidi ya sabini, na binti yake mmoja aliyekuwa na miaka kumi. Mtaji wa nafaka ukaishia kwenye dawa. Dawa za presha zikawa za kunywa fedha ikipatikana, na za kuacha fedha ikikosekana. Hivyo ndivyo alivyokaa kitandani miaka miwili.

Mtauliza, sisi tulikuwa wapi? Tulikuwapo. Tulikuwa tukialikana harusini na kupigiana simu za sikukuu. Mwaka 2019 tulifiwa na mwenzetu mwingine wa darasa letu, na katika siku mbili tulichanga shilingi 1,900,000 kwa ajili ya jeneza, basi na chakula cha wafiwa. Hapo msibani, tukiwa tumekaa mkekani, mmoja wetu akasema, "Hivi mnajua kwamba Daktari yuko kitandani mwaka wa pili sasa?" Watu wakanyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye, na yeye mwenyewe alikuwa amesikia juma lililotangulia.

Tukaenda kumtazama, watu sita. Tulichanga shilingi 620,000, tukapeleka unga, mafuta na sabuni. Binti akatuletea maji ya kunawa, akapiga goti, nasi tukamsifu kwa adabu yake. Tukapiga picha. Tulipokuwa tukiaga, mama yake Daktari akanishika mkono akasema, "Wanangu, ninyi mmesoma. Hivi kweli hakuna mahali popote pa kumpeleka mwenzenu?" Nikamjibu, "Mama, tutaangalia." Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na jibu. Mtumishi wa serikali, mwenye shahada, sikujua pa kuanzia. Zile fedha zetu zilikwisha katika muda wa majuma kumi.

Nikaanza kutafuta, na nikaanzia juu, kama ilivyo desturi ya sisi tuliosoma. Nilimpigia simu rafiki aliyeko wizarani. Niliandika barua kwa hospitali moja kubwa. Nilikwenda katika ofisi moja nikaambiwa rudi kesho, nikarudi, nikaambiwa mhusika yuko semina, nikarudi tena, siku ya nne nikaambiwa, "Huyo si wetu." Kwa hiyo majuma matano yakapita, na mgonjwa hajasogea hata hatua moja.

Aliyefungua njia alikuwa mama mmoja jirani yake Daktari, mhudumu wa afya wa kujitolea, ambaye elimu yake ni ya darasa la saba. Alikuwa na daftari ambamo ameandika kila nyumba ya kitongoji kile: nani mjamzito, nani anakunywa dawa za kifua kikuu, mtoto gani hajachanjwa. Akaniambia, "Baba, ulianzia mbali mno. Barua ya mtu huyu inaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji." Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia wenye nyumba siku zote hizo. Akajibu kwamba alimwambia bibi mara mbili, lakini bibi hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake akaenda kuzunguka na barua, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuzunguka nayo.

Jumatatu tukaipata barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Siku hiyo hiyo mtendaji wa kijiji akaipiga mhuri. Jumatano tulikuwa hospitali ya wilaya, mbele ya afisa ustawi wa jamii. Alimhoji bibi kwa upole, akaandika hali ya kaya, na Daktari akapata msamaha wa gharama. Akaandikishwa katika kliniki ya presha, akaanza mazoezi ya viungo mara mbili kwa juma. Siku tatu zilitosha, baada ya miaka miwili.

Ndugu zangu, hapa kuna jambo ambalo sitaki kulipitia juu juu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpima, kisha akatuita pembeni. Alisema kwamba baada ya kiharusi miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote, kwa maana ndipo mwili hujifunza upya upesi. Mguu ungeweza kupata nguvu, na kweli ulipata. Leo Daktari anatembea kwa fimbo. Lakini mkono ulikuwa umekakamaa, na mpaka leo vidole havijafunguka. Mkono ule haukupotea kwa kukosa hospitali, kwa kuwa hospitali ilikuwapo. Wala haukupotea kwa kukosa mtaalamu, kwa kuwa alikuwapo miaka yote miwili, na kwa mwendo wa basi hapafiki saa moja na nusu. Ulipotea kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuijua njia na kuandamana naye, kama yeye alivyoandamana nasi.

Jambo la pili lilinitia aibu zaidi. Yule afisa ustawi wa jamii, alipofika nyumbani kukagua, hakutazama kitanda kwanza. Alimtazama binti, akauliza, "Leo ni siku ya shule. Mbona huyu yuko nyumbani?" Binti alikuwa ameacha darasa la sita ili amwogeshe na kumlisha baba yake. Sisi watu sita, wenye watoto wa rika lake, tulinawishwa mikono naye tukamsifu adabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali lile. Ilipangwa shangazi awe anakuja asubuhi, jirani aangalie mchana, na Januari 2020 binti akarudi darasani. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2024. Bibi yake hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2021.

Niliporudi kazini kwangu, niliuliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yetu iko wapi. Ilikuwa katika ukumbi wetu huo huo, mlango wa tatu kutoka mlango wangu. Mama yule nilimsalimia kila asubuhi. Nilijua fungu lake la bajeti kwa tarakimu. Kazi yake sikuijua. Na katika makisio, nyakati za kupunguza, fungu lake lilikuwa miongoni mwa yale niliyoyapunguza mwanzo.

Ndugu Mwenyekiti, hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa niseme tulichojifunza.

Huduma kwa wanyonge katika nchi yetu hazikuanza jana. Wazee wetu hapa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika kwenye redio vijijini, wakajifunza pamoja juu ya maji, vyoo na malaria. Mwaka huo huo ndipo Chuo cha Ustawi wa Jamii kilipowekewa sheria, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Wakati ule matibabu ya serikali yalikuwa bure. Uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993, na kwa kuwa ilijulikana wazi kwamba wako wasioweza kuchangia, iliwekwa misamaha. Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Huduma ya bure kwa wote haihitaji mtu kuijua, unafika, unatibiwa. Lakini msamaha ni haki ya mwenye kuujua. Hauji wenyewe kukutafuta kitandani. Yule anayeuhitaji zaidi, yaani mzee wa peke yake, mgonjwa asiyeweza kuinuka, mama asiyejua kusoma, ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuutafuta. Hapo ndipo sisi tulio na macho na miguu tunapotakiwa.

Basi nitaitaja milango yenyewe, na wenye kalamu waandike.

Mlango wa kwanza ni wa chini kabisa: mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, na mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Hawa ndio wanaomjua mtu, na barua yao ndiyo itakayoulizwa kila mahali. Anayerukia wilayani atarudishwa kwao, kama nilivyorudishwa mimi. Tena mkutano wa kijiji ndio unaozitambua kaya masikini kwa ajili ya mpango wa TASAF, mfuko ulioanza mwaka 2000. Angalieni jambo hili: mgonjwa wa kitandani haendi mkutanoni, na asiyekwenda husahauliwa upesi. Hivyo hana budi kuwa na mtu wa kunyosha mkono kwa niaba yake. Kadhalika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeagiza ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa. Mwulizeni mtendaji kamati ya kwenu ni akina nani. Kama ataduwaa, swali lenu limekwisha fanya kazi.

Mlango wa pili ni zahanati pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafunza wahudumu hawa, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, ambao jumla yao nchini ni 137,294. Mjueni wa kwenu. Zahanati ndiyo inayoandika rufaa kwenda kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kutoka hapo kwenda mkoani. Katika wilaya nyingine hospitali ya misheni ndiyo iliyofanywa hospitali teule kwa makubaliano na Serikali, kwa hiyo msiipite mkidhani ni ya kulipia tu. Sera zetu zinataka mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, wahudumiwe bila malipo. Na hivyo hivyo matibabu ya kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zimekuwa za bure tangu mwaka 2004. Mkiwa na mzee hospitali, ulizeni dirisha la wazee kabla ya kupanga foleni.

Mlango wa tatu ni afisa ustawi wa jamii. Huyu yuko makao makuu ya halmashauri, na mwingine yuko hospitali. Kazi yake ni kupima uwezo wa mgonjwa na kumwombea msamaha, kuwatafutia watoto ulinzi na malezi kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kupatanisha familia. Mzee asiye na ndugu kabisa anaweza kupelekwa katika makazi ya wazee, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, au Bukumbi mkoani Mwanza. Lakini hiyo ni njia ya mwisho, baada ya ukoo na jirani kushindwa. Nawaomba msimchanganye na afisa maendeleo ya jamii. Wengi wetu twadhani ni mtu mmoja, na ndiyo sababu tunaambiwa "huyo si wetu". Afisa maendeleo ya jamii anashughulika na vikundi na mikopo. Kwake ndiko mtakakoulizia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

Mlango wa nne ni wa ulinzi. Mtoto au mwanamke akipigwa, akibakwa, au mjane akinyang'anywa nyumba, nendeni kituo cha polisi muulize Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa habari ya mtoto ipo simu ya bure, namba 116. Na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa, ambao humsaidia asiye na uwezo bila kumtoza.

Mlango wa tano ni bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, ukawekewa sheria mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo imetaja pia namna ya kuwagharimia wasio na uwezo. Kwa hiyo mkiwa kwa mtendaji kwa jambo lolote lile, ulizeni na hili: huyu wetu anaandikishwaje, na nani anamlipia?

Hata hivyo, msinielewe vibaya kwamba milango hii yote hufunguka kwa kubisha mara moja. Mimi ni mtumishi wa serikali na sitawadanganya. Zipo zahanati ambazo dawa hazimo siku unayofika, na msamaha wa karatasi hauponyi homa. Wapo maafisa ustawi wanaobeba kata nyingi bila hata pikipiki. Wapo watumishi wenye lugha mbaya. Yote hayo ni kweli, na yafaa tuyaseme katika vikao vinavyohusika. Mimi nimeanza kuyasema katika kikao cha bajeti, na lile fungu la mlango wa tatu silipunguzi tena. Lakini upungufu wa huduma ni jambo moja, na kutoijua ile iliyopo ni jambo jingine. La kwanza linataka fedha na miaka. La pili linataka mtu mmoja na siku tatu.

Tena nina onyo moja. Tusiende kwa mnyonge kama mabwana. Daktari ameniambia kwamba siku ile tuliyopiga picha ndiyo iliyomwumiza kuliko siku nyingi za ugonjwa. Ulimi wake ulikuwa mzito, tukadhani na akili imelala. Tukamzungumzia juu ya kichwa chake kana kwamba hayumo chumbani. Yeye alikuwa akisikia kila neno. Mtu aulizwe kwanza: wataka nini, na wataka nani ajue? Siri ya ugonjwa ni yake. Mwingine atataka dawa, mwingine atataka mwanawe arudi shule, na mwingine atataka tu mtu wa kukaa naye. Sisi tulipeleka unga kwa sababu unga ndio tuliojua kuununua.

Sasa nakuja kwenye mapendekezo yangu kwa Chama.

La kwanza: tuwe na daftari. Katibu aandike kila mwanachama yuko wilaya gani na anafanya kazi gani. Humu bwaloni naona waganga, walimu, mapadri na masheikh, askari, wanasheria na watendaji. Tukiwa na daftari, mwenzetu akianguka popote, tutajua nani yuko karibu naye, na nani anaijua milango ya pale. Kila mmoja wetu, kabla ya mkutano wa mwaka ujao, alete majina ya ofisi za kwao: ya mtendaji, ya ustawi wa jamii, ya zahanati. Hiyo si kazi ya zaidi ya asubuhi moja.

La pili: kila mkoa uwe na wanachama wawili wa zamu, kama tulivyokuwa na viranja. Kazi yao isiwe kuchangisha, bali kuandamana. Mtu akiwa mgonjwa au amefikwa na dhiki, wao wabebe barua, wakae naye kwenye benchi, wamwulizie. Nimeona kwa macho yangu kwamba mgonjwa akifika na mtu wa kumsemea, hata sauti ya karani hubadilika. Jambo hilo halipendezi, lakini ndivyo lilivyo, na mpaka litakapokoma tulitumie kwa faida ya mnyonge. Wala wasiishie kwa wanachama tu. Jirani wa mwanachama naye ni mtu.

La tatu linahusu fedha zetu. Sisemi tuache kuzikana. Kumzika mwenzetu ni heshima, na rambirambi ni wajibu. Nasema kwamba katika kila fedha tunayochanga kwa msiba, sehemu yake iwekwe kwa walio hai: nauli ya kwenda kliniki, dawa ambazo hazikupatikana, daftari za mtoto aliyerudi shule. Nimepiga hesabu ya nauli za Daktari kwenda mazoezini kwa mwaka mzima wa kwanza, na haikufikia bei ya lile jeneza tulilolinunua mwaka 2019. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa dhiki, si kwa mazishi tu.

Ndugu zangu, namaliza. Nilipomweleza Daktari kwamba nitasimama hapa leo, alifikiri kwa muda, maana maneno yake bado huja polepole. Kisha akaniambia niwasalimu, na niwakumbushe jambo moja: barua iandikwe kabla ya kuondoka. Alicheka, nami nikacheka. Angependa kuwa nasi leo, lakini safari ni ndefu. Ameahidi kwamba mwaka ujao, Mungu akipenda, atakuja. Nadhani itafaa tukiamua sasa hivi, kabla ya kuondoka ukumbini, ni nani watakaomfuata.

Kwa Mwalimu Mkuu nina ombi dogo. Najua viranja wa afya bado wapo katika shule hii. Nawaomba walimu wawapeleke vijana hao mara moja kwa mwaka kwa mtendaji, kwa zahanati na kwa afisa ustawi, wajionee milango wakiwa bado vijana. Sisi tulifundishwa mambo mengi mazuri hapa, na mengine tumeyasahau. Hili hatukufundishwa, na kutolijua kumemgharimu mwenzetu mkono.